Chumba cha Mtoto si Ghala: Namna ya Kukipanga Kikawa Salama

Mavuno yanapofika Kambu na viunga vyake, nyumba hubanana. Magunia ya mahindi, ndengu na mbaazi huingizwa ndani kabla ya jua kutua, na mara nyingi chumba kinachopokea mzigo huo ni kile wanamolala watoto. Godoro husukumwa ukutani, sanduku la shule huwekwa juu ya magunia, na watoto watatu hulala pale palipobaki. Siku chache baadaye dawa ya kuzuia wadudu huongezwa, na mlango hufungwa usiku kucha.

Wazazi wana sababu zao. Wizi wa mazao upo, ghala la nje lina gharama, na watoto hawalalamiki. Hata hivyo, hatari nyingi zinazomkabili mtoto wa maeneo haya akiwa usingizini huanzia kwenye vitu ambavyo havikupaswa kuwa chumbani mwake. Ndiyo sababu hatua ya kwanza ya kupanga chumba cha mtoto ni kutoa, si kuongeza. Kitanda, meza na pazia la maua vitafuata.

Makala haya yanaeleza vitu vya kuondolewa, mahali pa kuvipeleka, na vitu vya kuwekwa chumbani kwa kufuata umuhimu wake, hata kwa familia yenye chumba kimoja tu.

Funzo la mwaka wa 2004

Wakazi wengi wa Makueni na Kitui wangali wanaukumbuka mwaka wa 2004. Mvua isiyo ya msimu ilinyesha wakati wa kuvuna, mahindi yakahifadhiwa yakiwa na unyevu, na ukungu unaotoa sumu ya aflatoksini ukaenea ndani yake. Katika mlipuko huo watu 317 waliugua, na 125 kati yao wakafariki. Wilaya za wakati huo za Makueni na Kitui ndizo zilizoathirika zaidi.

Watafiti waliolinganisha familia zilizougua na zile ambazo hazikuugua walipata jambo moja linalohusu nyumba moja kwa moja. Waliougua walielekea zaidi kuwa wamehifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba wanamoishi, badala ya kuyaweka ghalani.

Ni vyema ieleweke kwamba mtu huathirika hasa kwa kula nafaka yenye sumu hiyo. Lakini chumba cha kulala ni ghala baya. Madirisha hufungwa usiku, joto hupanda, pumzi za wanaolala huongeza unyevu, na magunia hugusa sakafu na ukuta. Kwa hivyo anayeweka mahindi chumbani mwa watoto hupata hasara mara mbili: chumba hakimfai mtoto, na hakiyafai mahindi.

Dawa ya nafaka na mtoto aliyelala

Hatari ya pili hutokana na dawa. Vidonge vya kufukiza nafaka vyenye aluminiamu fosfaidi hutoa gesi ya fosfini vinapokutana na unyevu ulio hewani. Gesi hiyo huua wadudu na panya, na humuua binadamu vilevile. Hakuna dawa maalumu ya kuizima ikishaingia mwilini, na madaktari hubaki kumsaidia mgonjwa apumue na moyo wake uendelee kufanya kazi.

Vidonge hivi havifai kabisa kutumiwa ndani ya nyumba wanamolala watu, hata kama gunia liko katika chumba cha pili. Nyumba nyingi za matofali na mabati hazina dari, na kuta za ndani haziufikii mwisho wa paa. Gesi inayotoka upande mmoja hupita juu ya ukuta na chini ya mlango hadi upande wa pili. Mtoto mdogo hulemewa mapema kuliko mtu mzima.

Dawa za unga zinazochanganywa na nafaka nazo hazipaswi kuwekwa chumbani. Vumbi lake hutua kwenye shuka, nguo na vidole, na vidole vya mtoto huishia mdomoni.

Panya akiingia, nyoka humfuata

Hatari ya tatu hutembea kwa tumbo. Nafaka huvuta panya, na panya huvuta nyoka. Katika nyanda kavu za Ukambani, nyoka wenye sumu kama swila anayetema sumu na moma hukaribia makazi ya watu kutafuta mawindo. Swila anayetema sumu hujulikana kwa kuingia nyumbani usiku na kumuuma mtu aliyelala. Anayelala chini, kwenye mkeka au godoro lililowekwa sakafuni, ndiye aliye karibu naye zaidi.

Shirika la Afya Duniani liliorodhesha kuumwa na nyoka miongoni mwa magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka wa 2017. Mwaka wa 2019 lilitangaza mpango wa kupunguza vifo na ulemavu unaotokana na nyoka kwa nusu ifikapo mwaka wa 2030. Dawa ya kukabili sumu ni muhimu katika mpango huo, lakini kinga huanzia nyumbani, kwenye sakafu isiyo na mrundiko.

Vitu vya kuondoa leo

Mzazi anayetaka kuanza kazi hii anaweza kusimama mlangoni mwa chumba cha watoto na kuhesabu vitu vifuatavyo. Kila kimoja kinafaa kutafutiwa mahali pengine.

- Magunia ya nafaka, pamoja na magunia matupu yaliyokunjwa kwenye kona, kwa kuwa panya huzalia humo.
- Dawa za shambani, za mifugo na za nafaka, pamoja na bomba la kunyunyizia dawa. Hizi huwekwa kwenye sanduku lenye kufuli, nje ya vyumba vya kulala.
- Mafuta taa na petroli, hasa yakiwa kwenye chupa ya soda. Watoto wengi wanaokunywa mafuta taa huyanywa kwa sababu chupa waliyoikuta ni ile wanayoijua.
- Pikipiki inayolazwa ndani kwa hofu ya wezi. Mvuke wa petroli hujaa chumbani, na cheche moja yatosha kuuwasha.
- Jiko la makaa, hata lililoonekana kuzima. Makaa yanayofuka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi. Katika miezi ya baridi ya Juni na Julai, familia ambayo huingiza jiko ndani na kufunga madirisha ili watoto wapate joto huwaweka katika hatari ya kutoamka.
- Madumu na mapipa ya maji yasiyo na vifuniko. Mbu huzaliana humo, na mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama hata kwenye ndoo.
- Panga, jembe, shoka na misumari.

Maji ni adimu katika sehemu nyingi za Kibwezi Mashariki, na kila familia ina haki ya kuyaweka akiba. Hata hivyo, mapipa yanaweza kukaa jikoni au chini ya upenu, yakiwa yamefunikwa vizuri.

Magunia yaende wapi?

Hili ndilo swali gumu, na halijibiwi kwa kumwambia mkulima ajenge ghala kubwa. Wazee wa Ukambani walikuwa na ikumbi, ghala la fito lililoinuliwa juu ya ardhi na kutenganishwa na nyumba. Wazo hilo bado lina nguvu. Ghala dogo lenye sakafu iliyoinuliwa, mlango wa kufuli na miguu iliyofungwa vipande vya bati vinavyozuia panya kupanda linaweza kujengwa karibu na dirisha la wazazi, mahali ambapo mwizi hawezi kulifungua bila kusikika.

Pasipo ghala, magunia yasiyopitisha hewa, ambayo wengi huyaita PICS, ni msaada mkubwa. Teknolojia hii ilianza miaka ya 1980 nchini Kameruni kwa ajili ya kuhifadhi kunde, na sasa hutumika kwa mahindi, ndengu na nafaka nyinginezo. Gunia moja lina mifuko miwili ya plastiki ndani na gunia la kawaida nje. Likifungwa barabara, wadudu walio ndani hukosa hewa na kufa bila dawa yoyote. Faida yake kwa mtoto ni dhahiri: sumu haihitajiki tena nyumbani. Lakini panya huweza kulitoboa, kwa hivyo huwekwa juu ya mbao au fito, mbali kidogo na ukuta, sebuleni au chumbani mwa wazazi, wala si chini ya kitanda cha mtoto.

Gunia hilo halikaushi mahindi. Nafaka huingizwa ikiwa imekauka kabisa, na kiwango cha unyevu kinachokubalika nchini Kenya kwa mahindi ni asilimia 13.5. Mkulima asiye na kipimo anaweza kutumia chumvi. Huweka konzi ya mahindi na chumvi kidogo iliyo kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, huitikisa kwa muda, kisha huiacha itulie. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu na hurudishwa juani, juu ya turubai na si juu ya udongo. Ikianguka yote chini, yanafaa kuhifadhiwa.

Sakafu, kuta na hewa

Chumba kikishatolewa mizigo, kazi inayofuata haihitaji pesa nyingi. Nyufa za ukutani na mashimo ya chini ya mlango huzibwa kwa saruji au udongo wa mfinyanzi. Pengo la chini ya mlango huweza kuzibwa kwa ubao mwembamba au kipande cha mpira wa tairi kilichopigiliwa misumari. Penye nafasi ya kupita panya, nyoka mdogo naye hupita.

Sakafu ya udongo hunyunyiziwa maji na kufagiliwa kila siku ili vumbi lisiinuke na funza wasipate makao. Nje ya dirisha, nyasi hufyekwa, na kuni, matofali na mabati chakavu husogezwa mbali na ukuta.

Kambu ni mahali pa joto, na bati huongeza joto hilo. Dirisha la chumba cha mtoto linapaswa kufunguka na kuwekewa wavu wa kuzuia mbu, ili lisifungwe usiku kwa hofu. Familia inayoweka vyuma vya kuzuia wezi hushauriwa kumwomba fundi atengeneze sehemu moja inayofunguka kutoka ndani. Moto ukizuka mlangoni, dirisha ndiyo njia iliyobaki.

Kitanda: kuinuka kutoka sakafuni

Kitu cha kwanza kununuliwa au kutengenezwa ni kitanda. Si lazima kiwe cha kupendeza. Kinachotakiwa ni kumwinua mtoto juu ya baridi, vumbi, funza na nyoka. Kitanda cha futi 3 kwa 6 humtosha mtoto tangu anapoanza shule hadi anapokuwa kijana, kwa hivyo ni bora kuliko kitanda kidogo kitakachomfupia baada ya miaka michache. Uvungu uwe wazi kiasi cha ufagio kupita na mwanga wa tochi kufika ukutani.

Wakazi wa eneo hili wana bahati ya mbao. Mukau, mti wa nyanda kavu unaojulikana sana Makueni na Kitui, hutoa mbao ngumu zisizoliwa ovyo na mchwa. Taasisi ya Utafiti wa Misitu nchini, KEFRI, imekuwa ikizalisha mbegu bora za mti huo Kitui na Kibwezi. Kitanda cha mukau kilichoungwa na seremala wa hapa huweza kutumiwa na mtoto wa kwanza hadi wa mwisho. Anayenunua hushauriwa kukitikisa kitanda kabla ya kulipa, kupitisha kiganja juu ya mbao zote kutafuta vibanzi, na kuuliza kama vanishi imekauka. Harufu kali ya vanishi ikiwapo, kitanda hukaa nje kivulini siku kadhaa kabla ya kuingizwa chumbani.

Vitanda vya ghorofa, maarufu kama deka, huokoa nafasi panapokuwa na watoto wengi. Masharti yake ni matatu. Mtoto aliye chini ya miaka 6 asilale juu. Kitanda cha juu kiwe na kingo pande zote mbili, zinazopita juu ya godoro. Ngazi nayo iwe imefungwa imara. Katika nyumba ya mabati isiyo na dari, anayelala juu hupigwa na joto la bati jioni nzima, kwa hivyo vitanda viwili vya kawaida ni afadhali nafasi ikiruhusu.

Mtoto mchanga ana utaratibu wake. Hulala karibu na mama, chali, kwenye godoro gumu kiasi, pasipo mito wala marundo ya mablanketi yanayoweza kumziba pua.

Godoro huanikwa juani angalau mara moja kwa mwezi, na viungo vya kitanda hukaguliwa. Kunguni hujificha kwenye tundu za misumari na mishono ya godoro.

Neti: kinga ya mbu na zaidi ya mbu

Mbu wanaoeneza malaria huuma usiku, na idadi yao huongezeka baada ya mvua. Neti yenye dawa ndiyo samani ya pili kwa umuhimu. Ikiwa mpya, huanikwa kivulini kwa siku moja kabla ya kutumiwa. Hufuliwa kwa sabuni ya kawaida bila dawa ya kung'arisha nguo, na hukaushwa kivulini, kwa sababu jua kali hupunguza nguvu ya dawa. Kwa kawaida neti huhesabiwa kuhudumu kwa takribani miaka 3. Tundu likitokea, hushonwa siku hiyohiyo.

Neti iliyochomekwa chini ya godoro pande zote hufanya kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Utafiti uliofanywa kusini mwa Nepal na kuchapishwa mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba waliolala ndani ya neti waliumwa na nyoka kwa nadra zaidi kuliko wasiokuwa nayo. Nyoka wa Nepal si wale wa Ukambani, lakini kitambaa kilichochomekwa vizuri ni kizuizi popote pale. Ndiyo maana neti isiachwe kuning'inia hadi sakafuni.

Mwanga usio na moto

Koroboi na mshumaa havifai chumbani mwa mtoto, na karibu na neti ni hatari kubwa. Taa ndogo ya sola inayochajiwa juani mchana hutosha kwa kusomea na kwa kumwangazia mtoto njia ya kwenda msalani usiku. Taa hiyo huwekwa mahali pale pale kila siku, karibu na kichwa cha kitanda, ili anayeamka asikanyage sakafu gizani. Viatu navyo huwekwa juu ya kibao au huning'inizwa, na hukung'utwa kabla ya kuvaliwa, maana nge na nyoka wadogo hupenda kujificha humo.

Kwenye nyumba zenye umeme, nyaya hazipitishwi chini ya mkeka wala godoro. Simu hazichajiwi kitandani. Soketi iliyo karibu na sakafu huzibwa au husukumiwa kitu kizito ambacho mtoto mdogo hawezi kukisogeza.

Kona ya kusomea

Tangu sekondari msingi ianze mwaka wa 2023 katika shule za msingi, watoto wa miaka 12 hadi 15 wanaosomea karibu na nyumbani hurejea jioni na kazi za kufanya. Wanahitaji mahali pa kuzifanyia. Si lazima iwe meza ya duka. Ubao uliopigiliwa ukutani kwa vishikio viwili vya chuma na kiti cha kawaida hutosha. Kipimo ni rahisi: mtoto akiketi, nyayo zake ziguse chini au zikanyage kibao, na viwiko vyake vilingane na ubao. Mwanga utoke upande usio na mkono wa kuandikia, ili kivuli cha mkono kisifunike daftari.

Vijana wa hapa waliofunzwa useremala katika vyuo vya ufundi wanaweza kutengeneza ubao wa namna hiyo kwa mabaki ya mbao. Kazi hiyo huwapa riziki na humwepusha mzazi na nauli ya kwenda mjini.

Kila kitu na mahali pake

Chumba husalia nadhifu ikiwa mtoto mwenyewe anaweza kukipanga. Rafu na misumari huwekwa kwenye kimo chake, si kimo cha mama. Viondo vya mkonge, ambavyo akina mama wa Ukambani wamevisuka kwa vizazi vingi, ni vyombo bora vya kuhifadhia nguo, vitabu na vichezeo. Vinapitisha hewa, vinaning'inizwa ukutani, na sakafu hubaki wazi. Kiondo kimoja cha nguo safi, kimoja cha nguo chafu na kimoja cha vitabu humpa kila mtoto hazina yake, hata katika chumba cha watoto wanne.

Sanduku la bati la shule huhifadhi sare na vyeti vya kuzaliwa mbali na panya na mvua. Huwekwa juu ya matofali mawili. Kabati au rafu ndefu hufungwa ukutani kwa skrubu, kwa kuwa mtoto mdogo huipanda kama ngazi na inaweza kumwangukia. Vitu vizito hukaa chini, vyepesi juu.

Dakika kumi kabla ya kulala hutosha kuokota vya sakafuni, kutazama uvunguni kwa tochi na kuchomeka neti. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuokota, wa miaka kumi anaweza kukagua akiwa na mzazi. Wavulana na wasichana wagawane kazi hiyo sawa.

Nyumba ya chumba kimoja

Familia nyingi za wafanyabiashara na vibarua mjini Kambu hukodi chumba kimoja. Hapo pia mtoto anaweza kupewa sehemu yake. Pazia la leso au shuka kwenye waya hugawa chumba na kumpa staha. Kitanda chake huwekwa upande ulio mbali na jiko, na mlango husalia huru kufunguka. Kupikia hufanywa nje au karibu na mlango ulio wazi, na jiko hutolewa nje kabla ya watu kulala. Wavulana na wasichana wanapokua, pazia la pili huwa na thamani kuliko kabati jipya.

Pesa zikiwa kidogo, kianze kipi?

Kwa mzazi asiyeweza kufanya yote kwa mara moja, mpangilio ni huu:

1. Kuondoa sumu, mafuta, jiko na magunia. Hili halina gharama.
2. Kuziba mashimo na kufyeka nje ya dirisha.
3. Neti yenye dawa.
4. Kitanda cha kumwinua mtoto kutoka sakafuni.
5. Taa ya sola.
6. Ubao wa kusomea, viondo na rafu.
7. Rangi, pazia na mapambo.

Mapambo yamewekwa mwisho, lakini hayadharauliwi. Mtoto anayechagua rangi ya ukuta wake au kubandika mchoro wake hukitunza chumba kama chake.

Dharura ikitokea

Mtoto akiumwa na nyoka, hutulizwa na kuzuiwa kutembea. Bangili, viatu na nguo zinazobana huvuliwa, na kiungo kilichoumwa hakisogezwi. Jeraha halichanjwi, halinyonywi, halifungwi kamba ya kubana wala halibandikwi jiwe jeusi. Hupelekwa hospitalini mara moja. Nyoka asikimbizwe wala asikamatwe, ingawa kuikumbuka rangi na umbo lake humsaidia daktari. Swila akimtemea mtoto sumu machoni, macho huoshwa papo hapo kwa maji mengi safi, kisha hupelekwa hospitalini.

Mtoto aliyekunywa mafuta taa au dawa ya shamba halazimishwi kutapika. Hukimbizwa hospitalini pamoja na chupa au pakiti ya kitu hicho. Palipo na harufu ya dawa ya kufukizia, au watu kadhaa wakiamka na maumivu ya kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, wote hutoka nje kwanza, milango ikaachwa wazi, na hakuna anayerudi kuchukua chochote.

Mkazi anayehitaji ushauri kuhusu ukaushaji na uhifadhi wa nafaka anaweza kumwona afisa wa kilimo wa wadi yake. Kuhusu neti na afya ya watoto, mhudumu wa afya ya jamii anayezuru boma lake ndiye wa kwanza kuulizwa, na kituo cha afya kilicho karibu kiko tayari kumhudumia. Mavuno yajayo yatakapoanza kuingia nyumbani, kila familia iwe tayari imechagua mahali pa magunia yake, na watoto waachiwe chumba chao.